Saa Nne, Saa Nane, Saa Kumi na Mbili

Maumivu ya saratani hayana siku ya kliniki. Yangekuwa nayo, yangeamka Jumatatu alfajiri, yakapanda matatu, yakapanga foleni pamoja na wagonjwa, na jioni yakalala. Lakini huja yapendapo, na aghalabu hupenda usiku wa manane, daktari aliyeandika dawa akiwa kwake Nakuru, mgonjwa akiwa kwake Kikopey, na katikati yao karibu kilomita 30 za barabara kuu yenye malori yasiyolala.

Wasafiri wa barabara hiyo huijua Kikopey kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Ukishaiacha Gilgil ukielekea Nakuru, moshi wa nyama choma huingia garini hata madirisha yakiwa yamefungwa, na dereva ambaye tangu Naivasha alikuwa akisema hana njaa huanza kupunguza mwendo. Vijana wenye makoti meupe hukimbilia magari wakiapa kwamba mbuzi wao ndiye aliyeiva. Wageni hula, hulipa, hunawa, huondoka. Nyuma ya mabucha ndipo ilipo Kikopey ya wenyewe: nyumba za mabati, vishamba vya mahindi, njia za vumbi zinazoelekea upande wa Ziwa Elementaita. Huko ndiko anakorudi mgonjwa akitoka kliniki. Anashuka stejini na mfuko wa dawa, anapita katikati ya moshi ambao zamani ulimtia hamu na sasa unamtia kichefuchefu. Ndani ya mfuko mna chupa, vidonge, bomba la sindano lisilo na sindano, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Sehemu ya kazi ya muuguzi ninayetaka kumsifu imo humo mfukoni. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, imo kichwani mwa binti anayembebea mamake mfuko huo.

Niseme mapema kwamba sifa nyingi wanazopewa wauguzi huniudhi. Kila tarehe 12 Mei, siku yao ikifika, utawasikia wakiitwa malaika, watu wenye moyo, watu wa wito. Kisha Mei inapita na mshahara unachelewa. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma karibu miezi mitano, na wengi walioshangaa kwamba malaika wanaweza kugoma ni wale wale waliokuwa wakiwapigia makofi. Huruma hata mimi ninayo, tena nyingi, na bado sijui kubandua bandeji iliyoshikamana na kidonda. Ninachokisifu hapa ni ufundi, kitu cha kufundishwa, kufanyiwa mazoezi na kulipiwa. Na ufundi huu una tabia yake. Daktari mpasuaji hupimwa mezani akiwa ameshika kisu. Muuguzi wa saratani hupimwa saa nane za usiku nyumbani kwa mtu, yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliihesabia Kenya wagonjwa wapya wa saratani wapatao 42,000 na vifo vipatavyo 27,000. Ukizitazama tarakimu hizo pamoja, unaona karibu vifo viwili kwa kila wagonjwa wapya watatu. Maana yake ni kwamba kwa watu wengi ugonjwa huu hauishii kwenye chumba cha upasuaji wala chini ya mashine ya mionzi. Unaishia chumbani, kwenye kitanda cha mbao, na wahudumu wake ni mke, mume, binti, jirani. Mtu anayejua kuwaandaa hawa ndiye anayeshika sehemu ndefu zaidi ya matibabu.

Chukua mofini. Ya hospitali zetu mara nyingi ni ya maji, ya kunywa, chungu kama shubiri. Nguvu yake hudumu karibu saa nne kisha hushuka. Kwa hiyo haingojewi mpaka mgonjwa apige kelele. Hunywewa kwa saa, maumivu yakiwa bado yamelala. Aliyelipigania sana jambo hili ni Cicely Saunders wa Uingereza, ambaye kabla ya kuwa daktari alikuwa muuguzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mpaka mgongo wake ukakataa kazi hiyo. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice mjini London, na hadi leo hospisi nyingi duniani zinafuata njia aliyoichora. Mimi huona si bahati kwamba mtu huyo alianzia kwenye uuguzi. Anayesimama kando ya kitanda saa kumi na mbili mfululizo ndiye anayejua kwamba maumivu yana ratiba, na kwamba ukiyangojea yaamke utahitaji dawa nyingi zaidi kuyalaza.

Sasa tazama jinsi ratiba hiyo inavyokaa vizuri kwenye saa yetu. Dozi ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Ya pili saa nne. Ya tatu saa nane mchana. Ya nne saa kumi na mbili jioni. Ya tano saa nne usiku, na hiyo huwa maradufu ili mgonjwa na mwenye kumuuguza wote walale, ile ya saa nane za usiku irukwe. Nne, nane, kumi na mbili: hata shosho ambaye hakukanyaga darasa hawezi kuzipoteza. Mwingereza analazimika kukumbuka sita, kumi, mbili, sita, kumi. Nadhani hiki ni kitu kimoja ambacho babu zetu walituachia tayari kwa ajili ya mofini bila wao kujua.

Lakini kuijua ratiba hakutoshi. Muuguzi mbaya husoma karatasi, kisha huuliza, "Umeelewa?" Kwetu swali hilo lina jibu moja. Mtu ataitikia kwa heshima hata kama hakusikia neno, maana kumwambia sista aliyechoka kwamba hukumwelewa ni kama kumtukana. Muuguzi fundi humpa binti chupa na bomba, akasema, "Hebu nionyeshe utakavyompa mama." Kisha ananyamaza na kutazama. Ataona kama kidole kinaficha mstari wa kipimo. Ataona kama macho ya binti yanafika kwenye tarakimu, na yasipofika atafunga plasta nyembamba kwenye bomba mahali dawa inapotakiwa kukoma. Atauliza saa nane mchana nani yuko nyumbani. Baba yuko kwenye jiko la bucha, watoto wako shule, binti mwenyewe anauza viazi. Basi nani? Jirani, Mama fulani, anaaminika? Ana simu? Ndani ya dakika kumi ameichora ramani ya nyumba ambayo hajawahi kuingia, na ratiba ya dawa ameiweka juu ya ramani hiyo.

Kisha huuliza lile ambalo hakuna anayetaka kuulizwa mbele ya watoto wake: umeenda choo lini? Mofini hufunga tumbo, na dawa ya kulilainisha huanza siku moja na mofini, isingojwe. Nimesikia wagonjwa waliotupa mofini kwa sababu ya tumbo, wakaona heri maumivu. Wangeulizwa swali lile la aibu mapema wasingeitupa. Katika hospisi za Uganda, pale dawa ya tumbo ilipokosekana, wauguzi wamefundisha familia kukausha mbegu za papai na kuzisaga.

Na kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini mlangoni, mgonjwa akiwa ameshatangulia nje: "Sista, hii si ndiyo dawa ya kumalizia watu?" Hapo hotuba ya kitaalamu haisaidii. Wengi walioiona mofini kwa jirani waliiona wiki ya mwisho, ndiyo maana wakaifunga na kifo. Muuguzi mzuri hukubali kwanza walichokiona, kisha hueleza kwamba jirani aliletewa dawa akiwa amechelewa, na kwamba mtu akiianza mapema anaweza kukaa kitako, akala, akateta na majirani, akatoka nje kuota jua. Ahadi yake hupimika ndani ya siku mbili. Ikitimia, neno lake litaaminika katika mengine yote.

Ujuzi huu kwetu una historia fupi kuliko umri wa wengi wanaousoma ukurasa huu. Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990, na muuguzi, Ruth Wooldridge, alikuwa miongoni mwa walioiasisi. Daktari Anne Merriman alifanya kazi pale kabla ya kuhamia Kampala, ambako mwaka 1993 alianzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha kidogo na fomula ya mofini ya maji inayoweza kuchanganywa kwa bei nafuu. Rose Kiwanuka alikuwa muuguzi wa kwanza wa huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, nchini humo. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria, ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe. Huo ndio uamuzi ninaouonea wivu. Ulitambua kwamba anayemfikia mgonjwa kijijini ni muuguzi, na kwamba kumnyima kalamu ni kumwacha mgonjwa alie akisubiri sahihi ya mtu aliye mjini. Waganda hata waliitia dawa rangi tofauti kufuatana na ukali wake, ili asiyejua kusoma asikosee chupa. Kenya nayo ikapata chama cha hospisi, KEHPCA, na Nakuru ikapata hospisi yake, Nakuru Hospice.

Kwa miaka mingi mtu wa Bonde la Ufa aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kwenda Kenyatta, Nairobi, akapanga foleni ya miezi. Sasa hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH, ina kituo cha saratani chenye mashine ya mionzi na chumba cha kemo. Kwa mtu wa Kikopey tofauti yake ni nauli ya matatu moja na kulala kwake. Ila tofauti hiyo imewaongezea wauguzi mzigo ambao haukuandikwa popote: mgonjwa aliyekuwa akilazwa Nairobi sasa hurudi nyumbani jioni ile ile, na kila kitu kinachoweza kumpata usiku lazima kiwe kimesemwa mchana.

Ndani ya chumba cha kemo mikono ndiyo huongea. Kuna dawa moja nyekundu kama juisi ya zambarau iliyochujwa, doksorubisini, ambayo ikitoka nje ya mshipa huichoma nyama mpaka ikafa. Mishipa ya mtu aliyekwisha kuchomwa mara nyingi hukauka na kujificha, na muuguzi huitafuta kwa ncha za vidole, taratibu, mkono wa mgonjwa ukiwa umetiwa joto. Akiipata, huivuta damu kidogo ili ajue yuko ndani, husukuma dawa kidogo, huvuta tena, husukuma tena, macho yakiwa kwenye ngozi na masikio kwa mgonjwa, maana mgonjwa atakayesema "kama inawasha hivi" amesema jambo kubwa kuliko kipimo chochote. Ni kama mchomaji hodari wa Kikopey, anayepiga porojo na wateja sita huku sikio lake likihesabu mdondoko wa mafuta kwenye makaa. Na kabla mgonjwa hajaondoka ataambiwa kwamba mkojo utakuwa mwekundu leo na pengine kesho, ni rangi ya dawa, si damu. Sentensi hiyo moja imeokoa nauli nyingi za usiku.

Nyingine imeokoa watu. Karibu wiki moja hadi mbili baada ya kemo chembe nyeupe za damu hushuka, na mwili hubaki bila askari wake. Joto likifika nyuzi 38, hakuna kungoja asubuhi, hakuna kumeza panadol ili lishuke, hakuna kwanza kumpigia simu mjomba aliye Nairobi. Ni hospitali, hata kama ni kwa boda boda hadi Gilgil. Muuguzi huirudia mara tatu na kumfanya binti airudie. Humwambia pia mgonjwa ale chakula kilichopikwa kikaiva, matunda ayamenye mwenyewe, na kachumbari ya kando ya barabara aiage kwa muda. Kwa mtu wa Kikopey hilo si agizo dogo. Nyama choma bila kachumbari, waulize wenyeji, ni adhabu.

Na hapo ndipo swali la nyama linapoingia. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka nyama zilizosindikwa, soseji na jamaa zake, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vile vinavyoelekea kuisababisha. Mwaka uliofuata vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzi 65, viliingia katika kundi hilo la pili. Na sisi watu wa chai ya kutoa moshi tukajitazama. Upande wa Bomet, hospitali ya Tenwek imepokea wagonjwa wengi mno wa saratani ya umio, na watafiti wamekuwa wakiichunguza chai miongoni mwa mambo mengine. Habari hizo zilifika mitaani zikiwa zimepoteza nusu ya maneno yake. Kilichobaki ni "nyama choma inaleta kansa".

Basi mzee aliyechoma mbuzi miaka 20 ameketi mbele ya muuguzi, umio wake umeziba, anauliza: "Ni ile nyama, sista?"

Nayajua majibu mawili mepesi. La kwanza ni kumwambia hapana, aende kwa amani, na huo ni uongo. La pili ni kumsomea orodha ya makundi ya IARC, na huo ni ukatili. Muuguzi niliyemsikia akilijibu swali hilo alianza kwa kuuliza nani kamwambia. Ikatokea kwamba mkewe na kaka zake wamekuwa wakimlaumu. Ndipo akasema, "Mzee, hakuna daktari anayeweza kuuangalia uvimbe wa mtu mmoja akasema huu umetoka kwenye mbavu za mbuzi. Tunajua mambo yanayoongeza hatari kwa watu wengi wakihesabiwa pamoja: sigara, pombe, vingine. Yako wewe hatuwezi kuyatenganisha." Kisha akamgeukia mtoto wake mkubwa, akamwambia chai aiache ipoe kidogo na sigara aiache kabisa. Ukweli ule ule, kwa mzee ameutumia kuondoa lawama, kwa kijana ameutumia kuonya. Hakuna mashine itakayofanya hivyo.

Mama yangu mdogo aliacha kanisa kabla ya kuacha kula. Tulidhani imani imelegea, tukamletea mzee wa kanisa. Kumbe kidonda cha titi kilikuwa kimeanza kunuka, na yeye, mwanamke aliyekuwa akipiga pasi hata kitambaa cha kichwa, hakuweza kustahimili kuona watu wakisogea kwenye benchi. Alijifungia chumbani, akachoma ubani, akatukataza tusiingie. Muuguzi aliyekuja kumtembelea aliingia bila kuziba pua, akaketi kitandani na si kwenye kiti tulichomwekea karibu na mlango. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili. Hakuwa na yoyote. Baadaye niliambiwa kwamba uso huo hufundishwa. Wanafunzi wa uuguzi huonywa kwamba mgonjwa atakusoma kipaji cha uso kabla hujasema jina lako.

Aliomba maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo. Aliiloweka bandeji ya zamani mpaka ikajiachia yenyewe, hakuivuta. Alitoa vidonge vya metronidazoli, ile watu wengi huiita Flagyl, akavisaga kati ya vijiko viwili, akaunyunyiza ule unga juu ya kidonda. Harufu hutoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na dawa hiyo huwaua. Saratani inabaki palepale, lakini chumba kinaingilika. Akaturuhusu tutengeneze pedi kwa shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa, likapigwa pasi moto. Akatuambia tuweke karibu taulo ya rangi ya maruni, kwa sababu kidonda cha namna hiyo huweza kutoa damu ghafla, na damu juu ya taulo nyeupe huonekana mara mbili ya ilivyo, mgonjwa akaogopa na anayemuuguza akapotewa na akili. Nani angefikiria taulo? Ni mtu aliyekwisha kuiona hofu hiyo mara nyingi, akaitafutia dawa ya shilingi mia tatu.

Wiki iliyofuata mama mdogo alirudi kanisani. Aliketi benchi la mwisho, karibu na dirisha, na aliimba. Alifariki miezi kadhaa baadaye. Sisemi kwamba unga ule ulimponya.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani hata kwa wenye nyumba. Watoto humvuta muuguzi kando: "Tafadhali sista, mama asijue. Akijua ataanguka." Husema hivyo kwa mapenzi, baada ya kikao cha familia na mchango wa kikundi cha simu. Muuguzi hawakaripii, wala hawaahidi kudanganya. Huingia chumbani, akakaa, akauliza swali ambalo halimwambii mgonjwa chochote na linampa nafasi yote: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Na mara nyingi mama hutazama mlango, akateremsha sauti: "Mimi najua. Ila usiwaambie watoto." Nyumba nzima imekuwa ikichechemea kwa siri ambayo kila mtu anayo. Kuifungua siri hiyo bila kumfanya yeyote aonekane mwongo ni kazi ya mtu mwenye subira na maneno machache.

Nchi nzima ilipitia kitu kama hicho. Julai 2019 saratani ilituchukulia Bob Collymore wa Safaricom tarehe 1, mbunge Ken Okoth wa Kibra tarehe 26, na gavana Joyce Laboso wa Bomet tarehe 29. Mwezi mmoja. Okoth alikuwa ameutangaza ugonjwa wake hadharani. Baada ya mwezi huo watu walianza kuutaja ugonjwa kwa jina ndani ya matatu, kwa sauti ya kawaida. Lakini hofu ya kuutamka nyumbani haikwisha. Imebaki mikononi mwa wauguzi, nyumba moja moja. Pamoja nayo wamerithi fomu. Muuguzi wa saratani leo hujua karatasi za bima kuliko karani, tangu enzi za NHIF hadi SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024: nani amesajiliwa, kipi kimeidhinishwa, kipi kitagoma siku ya kemo mgonjwa akiwa ameshafunga safari. Naliona hilo ni upotevu wa ufundi. Vidole vinavyojua kuupata mshipa uliojificha visingepaswa kushinda kwenye kibodi. Ila mgonjwa akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi, anayemtazama machoni ni yeye huyo huyo, kwa hiyo amejifunza.

Kisha huja siku ya mazishi, na watu hudhani kazi imekwisha. Muuguzi mzuri wa hospisi hurudi baada ya wiki mbili tatu, umati ukiwa umetawanyika na sufuria za kuazima zikiwa zimerudishwa. Huichukua mofini iliyobaki na kuandika kiasi chake, kwa kuwa dawa hiyo ina sheria kali na haipaswi kusahaulika kabatini. Humuuliza baba kama analala. Humsikiliza akisimulia siku ya mwisho, pengine kwa mara ya nane, na hamkatizi. Halafu humgeukia binti, yule wa bomba na plasta.

"Na wewe, ulipimwa lini?"

Binti anasema hajawahi. Nani alikuwa na nafasi? Muuguzi anamweleza kwamba kipimo cha mlango wa kizazi si kisu wala mashine kubwa: siki iliyopunguzwa makali, kungoja dakika moja, muuguzi anatazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Ikionekana mapema, mara nyingi hutibiwa siku ile ile, kabla haijawa saratani. Kila mwanamke wa miaka 25 hadi 49 anatakiwa kupimwa, awe na dalili au asiwe nayo. Matiti pia atayapapasa siku hiyo hiyo. Binti anasema Alhamisi haiwezekani, ana soko. Jumatatu ni chama. Wanabishana kidogo, wanacheka, wanakubaliana Jumanne saa tatu, Gilgil.

"Na mdogo wako wa gredi ya tano, ana miaka mingapi?"

"Kumi."

"Chanjo ya HPV alipata shuleni?" Inatolewa kwa wasichana wa umri huo tangu 2019. Binti hana hakika.

"Njoo naye. Na kadi yake, tafadhali, msiisahau."